Kunuka, Kunukia na Kunusa: Jinsi Binadamu Anavyosikia Harufu, na Istilahi za Kuielezea

Utangulizi

Katika milango mitano ya fahamu, pua ndiyo iliyopata sehemu ndogo zaidi katika kazi ya istilahi. Macho na masikio yameandikiwa mengi, na mwalimu anayefundisha habari za mboni au ngoma ya sikio hakosi maneno. Lakini mtafsiri anapofika kwenye pua, mara nyingi huona ana jina moja tu, *harufu*, na kitenzi kimoja tu, *kunusa*, naye huvitwisha kila mzigo. Hapo ndipo huzaliwa sentensi kama “maua haya yananusa vizuri”, “ukinusa gesi toka nje”, au “dawa isiyonusa”. Msomaji mwenye subira hukisia kilichokusudiwa. Asiye na subira huiacha karatasi.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza, kwa Kiswahili cha kawaida, jinsi hisi ya kunusa inavyofanya kazi katika mwili wa binadamu kwa kadiri ya elimu ya leo. Ya pili ni kuonyesha kwamba lugha yetu ina tayari vitenzi vinavyoigawa kazi hiyo kama inavyogawanyika katika maumbile yenyewe. Kitu *hunuka* au *hunukia*. Mtu *hunusa*. Kisha mtu *husikia harufu*. Haya ni mambo matatu mbalimbali: la kwanza ni la kitu, la pili ni la pua, la tatu ni la ubongo. Mtafsiri akiyatenganisha, nusu ya kazi yake imekwisha. Akiyachanganya, anaweza kupotosha somo, na katika matangazo ya usalama anaweza hata kuhatarisha maisha ya watu, kama tutakavyoona mbele.

Kitu kinachotoa harufu

Tuchukue mfano wa mchele. Ubaruku ni mji mdogo wa wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, katika bonde la Usangu linalonyweshwa na mito inayoingia katika Ruaha Mkuu. Mpunga ndio uhai wa mji huo. Wanunuzi wengi wa mchele hawatazami punje kwa macho tu. Huchota kiasi kiganjani, huupulizia pumzi ya joto, kisha huupeleka puani. Mchele unaonukia hupendwa sana mezani, na mbegu kama Supa imejipatia jina kwa sababu hiyo hiyo.

Je, ni nini hasa kinachotoka katika punje na kuingia puani? Si punje yenyewe, wala si “hewa ya mchele”. Ni molekuli, yaani chembe ndogo kabisa za dutu fulani, zinazojitenga na punje na kuelea hewani. Dutu yoyote ili iwe na harufu ni lazima iweze kugeuka mvuke katika joto la kawaida. Chuma baridi na glasi safi havina harufu kwa kuwa molekuli zake haziruki. Petroli, karafuu na kitunguu vina harufu kali kwa kuwa molekuli zake huruka kwa wingi. Pumzi ya joto ya mnunuzi wa mchele ina maana yake basi: joto na unyevu huzidisha mvuke, na harufu iliyokuwa imejificha hujitokeza.

Mwaka 1982 mkemia Ron Buttery, aliyekuwa akifanya kazi California, Marekani, pamoja na wenzake waliitambua dutu inayoupa mchele harufu yake nzuri. Dutu hiyo huitwa 2-asetili-1-pirolini. Ndiyo hiyo hiyo inayosikika katika bisi za mahindi na katika ganda la mkate uliotoka tanurini. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa majini kwa kiasi cha sehemu moja katika sehemu bilioni 10. Mwaka 2005 watafiti wa Australia walieleza asili yake katika mmea. Mpunga usionukia una jeni inayotengeneza kimeng’enya, nacho kimeng’enya hicho huitumia malighafi ya dutu hiyo kabla haijawa harufu. Katika mpunga unaonukia jeni hiyo imeharibika, kwa hiyo malighafi hubaki, na harufu hupatikana. Na kwa kuwa ni dutu inayoruka, mchele uliokaa ghalani muda mrefu hupungukiwa na harufu ingawa punje zake bado ni nzima.

Hapa tusimame kidogo kwa ajili ya lugha. Kiswahili husema mchele *unanukia*, samaki aliyeoza *ananuka*. Vitenzi hivi viwili ni ndugu, lakini kimoja kimebeba sifa na kingine kimebeba lawama. Ni utajiri mkubwa, kwani lugha nyingi hulazimika kuongeza kielezi ili kuonyesha tofauti hiyo. Lakini kwa sayansi utajiri huo una mtego wake. Uzuri au ubaya wa harufu haumo ndani ya molekuli. Ua la asumini lina dutu iitwayo indoli, ambayo ni sehemu ya manukato yake. Indoli hiyo hiyo imo katika kinyesi. Ikiwa kidogo na kuchanganyika na nyingine, watu husema inanukia; ikiwa nyingi, husema inanuka. Dutu ni moja, hukumu ni mbili.

Kwa hiyo mwandishi wa kitabu cha sayansi anapotaka kutaja tendo la kitu bila kukihukumu, asitumie *-nuka* wala *-nukia*, bali aseme *-toa harufu*. Na anapotaka kutaja dutu yenyewe inayoruka, aseme *molekuli ya harufu*. Kuna atakayependekeza neno moja kama “kinukio”, lakini neno hilo tayari limekwisha kuisifu dutu kabla haijachunguzwa.

Pua inayonusa

Tuingie sasa puani. Watu wengi hudhani kwamba tunanusa kwa matundu ya pua yanayoonekana. Sivyo. Matundu hayo ni mlango tu. Kazi ya mlango huo na ya uwazi ulio nyuma yake ni kuipasha hewa joto, kuitia unyevu na kuichuja vumbi. Mahali pa kunusia ni juu kabisa ya uwazi wa pua, karibu na usawa wa macho, penye kipande kidogo cha utando chenye ukubwa wa sentimita mraba chache tu. Huo ndio *utando wa kunusa*.

Mtu anapopumua kwa utulivu, sehemu ndogo tu ya hewa hufika huko juu. Nyingine hupita chini na kwenda mapafuni. Ndiyo sababu mtu anayetaka kuhakiki harufu huvuta hewa kwa nguvu, tena mara mbili tatu kwa haraka. Tendo hilo ndilo *kunusa* kwa maana yake halisi: ni tendo la hiari linalosukuma hewa hadi kwenye utando. Mwindaji hunusa, mpishi hunusa, mnunuzi wa mchele hunusa. Lakini anayepita karibu na jalala hakukusudia kunusa chochote. Yeye *amesikia* harufu.

Utando huo umefunikwa na ute mwembamba. Ndani yake kuna mamilioni ya seli za neva, na kila seli hutokeza vinywele vyembamba mno vinavyoelea katika ute. Juu ya vinywele hivyo ndipo palipo na *vipokezi vya harufu*. Hivi ni protini zenye maumbo mbalimbali, na kila umbo hupokea molekuli zinazolielekea. Molekuli ya harufu ikifika huyeyuka katika ute, hujishikiza kwenye kipokezi, na seli hutoa mshituko mdogo wa umeme.

Seli hizi zina jambo moja la ajabu. Seli nyingi za neva mwilini zikifa hazirudi. Lakini seli za kunusa, kwa kuwa zinakutana uso kwa uso na vumbi, moshi na vijidudu, hufa na kuzaliwa upya mara kwa mara katika maisha yote ya mtu. Jambo hilo ndilo linalowapa matumaini wengi waliopoteza hisi hiyo kwa ugonjwa.

Elimu ya vipokezi si ya zamani. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walitangaza kwamba wameipata jamii kubwa ya jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, na mwaka 2004 walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba. Leo inajulikana kwamba binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vinavyofanya kazi, na kwamba kila seli ya kunusa hubeba aina moja tu. Panya ana aina zaidi ya 1,000. Hapa nchini tunao ushahidi wa uwezo wa jamaa hiyo: panya buku wanaofunzwa Morogoro na shirika la APOPO, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa aina za vipokezi ni 400, je, binadamu hutambua harufu 400 tu? La. Molekuli moja huamsha vipokezi vya aina kadhaa, na kipokezi kimoja huamshwa na molekuli za aina kadhaa. Kinachotambulisha harufu ni mchanganyiko wa vipokezi vilivyoamka. Mfano wake ni maandishi. Kiswahili kina herufi chache, lakini maneno yake hayana idadi, kwa kuwa herufi zile zile hupangwa kwa namna nyingi. Harufu ya kahawa inayokaangwa imefanyizwa na mamia ya dutu, na pua huisoma kama neno moja.

Ubongo unaosikia

Juu ya utando wa kunusa kuna mfupa mwembamba wenye vitundu vingi mfano wa chekeche. Nyuzi za neva hupenya katika vitundu hivyo na kuingia katika sehemu ya ubongo iliyo juu yake, yenye umbo la kuvimba mbele kama tunguu la mmea. Twapendekeza iitwe *tunguu la kunusa*. Kila upande wa pua una tunguu lake. Nyuzi zote zilizotoka katika seli zenye kipokezi cha aina moja hukusanyika katika vifundo vyao maalumu ndani ya tunguu, kama barua zinavyopangwa katika visanduku vya posta. Hivyo ubongo hujua ni aina zipi zilizoamka kwa kuangalia ni visanduku vipi vilivyopata barua.

Kutoka hapo habari huenda katika sehemu za ndani za ubongo. Habari za macho na masikio hupita kwanza katika kituo kikuu cha kati kiitwacho thalamasi kabla ya kufika zinakotambuliwa. Habari za pua hazianzii hapo. Hufika upesi katika sehemu zinazohusika na hofu, furaha na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza, au ya udi katika nguo, humrudishia mtu siku na watu aliodhani amewasahau, tena kabla hajapata jina la harufu yenyewe.

Kwa jambo hili Kiswahili kina msemo ulio sahihi kuliko tafsiri nyingi: *kusikia harufu*. Baadhi ya walimu huona haya kuuandika, wakidhani kusikia ni kazi ya masikio peke yake. Hakuna sababu ya kuona haya. Katika Kiswahili mtu husikia sauti, husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu. Kitenzi hicho hutaja habari inapomfikia mtu, hata bila hiari yake. Kunusa ni kutuma, kusikia harufu ni kupokea. Mtu mwenye mafua makali hunusa lakini hasikii kitu. Sentensi hiyo ni fupi, ni fasaha, na ni sahihi kisayansi.

Tena tusikubali dai kwamba lugha zetu ni maskini wa maneno ya harufu. Mwaka 2014 watafiti Asifa Majid na Niclas Burenhult walieleza habari za Wajahai, wawindaji wa misitu ya rasi ya Malesia, ambao hutaja harufu kwa maneno maalumu kwa wepesi ule ule wanaotaja rangi. Wasemaji wa Kiingereza waliolinganishwa nao walibabaika, wakabaki kusema “kama ndimu”, “kama moshi”. Kiswahili kina *shombo* na *vumba* kwa samaki, *uvundo* kwa kitu kilichooza au kilichofungiwa na unyevu, *kikwapa* kwa jasho la kwapani. Maneno hayo yasiachwe yapotee katika vitabu vya shule kwa kubadilishwa yote kuwa “harufu mbaya”. Daktari akiambiwa kwamba kidonda kina uvundo amekwisha kupata habari.

Harufu na ladha

Jambo jingine linalochanganya ni uhusiano wa pua na ulimi. Ulimi peke yake hutambua mambo machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ile ladha ya mchuzi mzito wa nyama ambayo Wajapani waliipa jina la umami. Mengi ya mengine tunayoyaita ladha ni kazi ya pua. Tunapotafuna, molekuli za harufu hupanda kwa nyuma, kupitia kooni, hadi kwenye utando wa kunusa. Ukitaka kuthibitisha, ziba pua yako, tafuna kipande cha iliki, kisha iachie. Iliki huonekana kana kwamba imeingia kinywani wakati ule ule ulipoiachia pua.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kunusa, na inafaa zitofautishwe: *unusaji wa mbele*, unaopitia matundu ya pua, na *unusaji wa nyuma*, unaopitia kooni. Vilevile, tungefaidika kama neno *ladha* lingeachwa kwa maana ya jumla ya ulimi na pua pamoja, na neno *onjo* likapewa yale yanayotambuliwa na ulimi peke yake. Mgonjwa wa mafua anayelalamika kwamba chakula hakina ladha huwa hakupoteza onjo. Chumvi na sukari bado anazipata. Kilichozibwa ni njia ya nyuma ya pua.

Pua inapokinai na pua inapokufa

Mtu akiingia katika chumba chenye harufu, huisikia sana mwanzoni. Baada ya dakika chache huisikia kidogo, na mwishowe haisikii kabisa ingawa harufu bado ipo. Seli za kunusa na ubongo hupunguza kuitikia jambo lisilobadilika ili viwe tayari kwa jambo jipya. Wengine huandika kwamba pua “imechoka” au “imezoea”. Lakini uchovu ni udhaifu, na mazoea huchukua siku nyingi. Neno linalostahili ni *kukinai*. Mlaji hukinai chakula kingali kipo sahanini, na pua hukinai harufu ingali ipo hewani. Tunapendekeza *ukinaifu wa pua*.

Ukinaifu ni wa muda, na mtu akitoka nje kidogo pua hurudi. Lakini iko hali nyingine ya kupotewa na hisi kabisa, kwa pigo la kichwa linalokata nyuzi za neva, kwa uzee, au kwa ugonjwa. Tangu mwaka 2020 dunia nzima iliijua hali hii kwa sababu ya UVIKO-19, kwani wagonjwa wengi waliamka na kukuta kahawa na sabuni hazina tofauti. Uchunguzi umeonyesha kwamba virusi hivyo huzishambulia hasa seli zinazozitegemeza seli za kunusa. Wengi hupona katika majuma machache, wengine hukawia.

Hali hiyo iitweje? Kwa kuwa Kiswahili husema mtu *husikia* harufu, jina linalofuata kwa mantiki ya lugha ni *uziwi wa pua*. Kupungua kwa hisi bila kwisha kuitwe *uhafifu wa kunusa*. Na ile hali ambayo chakula kizuri humjia mgonjwa kwa uvundo wa kitu kilichoungua au kuoza iitwe *harufu potofu*. Majina haya yatawafaa hasa waganga na wauguzi, kwa maana mgonjwa asiyekuwa na jina la ugonjwa wake huogopa kuutaja.

Wapo wanaosaidiwa na mazoezi. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walieleza njia ya kunusa harufu nne, yaani waridi, mkaratusi, limau na karafuu, mara mbili kwa siku kwa majuma 12. Wagonjwa kadhaa waliofanya hivyo walipata nafuu kuliko wasiofanya.

Neno lisilo sahihi katika tangazo la hatari

Sasa tuje kwenye matumizi. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mitungi ya gesi inaingia katika nyumba ambazo hazikuizoea, na pamoja nayo huingia karatasi za maelezo. Karatasi hizo hutafsiriwa na watu kama sisi.

Gesi ya mitungi kwa asili yake haina harufu. Kwa ajili ya usalama hutiwa kiasi kidogo cha dutu yenye uvundo mkali, mara nyingi ethanethioli, ili mtu aisikie mapema kabla haijawa nyingi kiasi cha kushika moto. Twaweza kuiita dutu hiyo *kitia-harufu*. Mtafsiri akiandika tu “gesi haina harufu”, amesema kweli ya maabara na uongo wa jikoni. Mama wa nyumbani atasoma, atasikia uvundo, na atahitimisha kwamba ule si wa gesi. Sentensi sahihi ni: “Gesi hii imetiwa harufu mbaya makusudi ili ikivuja uisikie.”

Vilevile, “ukinusa gesi” humwelekeza mtu kuisogelea na kuivuta, kwa kuwa kunusa ni tendo la kukusudia. Iandikwe: “Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe moto wala taa, fungua milango na madirisha, funga mtungi, toka nje.” Na kwa sababu ya ukinaifu wa pua iongezwe: “Harufu ikipotea usidhani gesi imekwisha. Huenda ni pua iliyokinai.” Tena, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, anayesimama huenda asiisikie upesi kama aliyelala chini.

Kuna hatari nyingine ambayo pua haina uwezo nayo. Ubaruku ni bondeni, kuna joto. Lakini katika nyanda za juu zinazouzunguka, Mbeya, Njombe na Iringa, baridi ya Juni na Julai ni kali, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango ili wapate joto. Mkaa uliokolea hautoi moshi mwingi, kwa hiyo watu hudhani hautoi kitu. Kumbe hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Pua ya binadamu haiipokei. Aliyelala haamki. Hapa maneno “isiyo na harufu” ni lazima yaandikwe, tena yafafanuliwe: “Hutaisikia. Usingoje dalili ya pua.”

Basi “haina harufu” ni kosa katika karatasi ya kwanza na ni wajibu katika karatasi ya pili. Kamusi peke yake haiwezi kumwonyesha mtafsiri tofauti hiyo. Atakayeiona ni yule anayeelewa kinachotoka katika kitu, kinachofanywa na pua na kinachofika katika ubongo.

Muhtasari wa istilahi zinazopendekezwa

*-toa harufu*: tendo la kitu, bila sifa wala lawama. *-nuka* na *-nukia* zibaki kwa maana zake za kila siku.

*Kunusa*: kuvuta hewa puani kwa makusudi ya kutambua harufu. *Unusaji*: kazi yote ya hisi hiyo mwilini.

*Kusikia harufu*: kupata habari ya harufu, kwa hiari au bila hiari.

*Molekuli ya harufu*: chembe inayoruka kutoka katika kitu na kuamsha kipokezi.

*Kipokezi cha harufu*: protini katika seli ya kunusa inayopokea molekuli hiyo.

*Utando wa kunusa. Neva ya kunusa. Tunguu la kunusa*: sehemu za mwili zinazohusika, kwa utaratibu wa kutoka puani hadi ubongoni.

*Unusaji wa mbele, unusaji wa nyuma*: kupitia matundu ya pua, kupitia kooni.

*Onjo*: linalotambuliwa na ulimi peke yake. *Ladha*: onjo na harufu pamoja.

*Ukinaifu wa pua*: kukoma kwa muda kusikia harufu ambayo bado ipo.

*Uziwi wa pua, uhafifu wa kunusa, harufu potofu*: kupotewa na hisi, kupungukiwa nayo, kuisikia harufu isivyo.

*Kitia-harufu*: dutu inayoongezwa katika gesi ili uvujaji wake usikike.

Haya ni mapendekezo, si maamuzi. Istilahi huthibitishwa na watumiaji. Walimu wa sayansi katika shule za msingi wayajaribu mbele ya wanafunzi, wauguzi mbele ya wagonjwa, na watafsiri katika karatasi zitakazobandikwa jikoni. Neno litakaloeleweka mara ya kwanza na mtu asiyeambiwa maana yake ndilo litakalostahili kuingia katika orodha. Litakalohitaji kufafanuliwa kila linapotajwa, hata kama ni zuri namna gani, tulirudishe mezani na kulitafutia jingine.